Baba Mroma, Mama Mswidi: Mtoto Huyu ni Nani?

Kila ifikapo tarehe 8 Aprili, Siku ya Kimataifa ya Waroma, picha za bendera yao ya buluu na kijani yenye gurudumu jekundu katikati husambaa mitandaoni, na maswali ya wasomaji wa Kiswahili huwa yaleyale. Hawa ni watu wa Romania? Ni Warumi walioandikiwa waraka na Mtume Paulo? Ni wale majipsi wa kwenye filamu, wanaozunguka na mikokoteni wakisoma viganja vya watu? Akitajwa msanii au mwanamichezo ambaye mzazi wake mmoja ni Mroma na mwingine siye, mjadala huzidi kuwa mkali: yupo atakayesema huyo ni nusu, yupo atakayesema si Mroma kabisa kwa kuwa nywele zake ni za rangi ya dhahabu, na yupo atakayeuliza kwa nini mtu huyo asichague upande mmoja yakaisha.

Swali hilo la mwisho ndilo lililonisukuma kuandika, kwa sababu linaonekana jepesi na wala si jepesi. Ili kulijibu ni lazima kwanza tujue Waroma ni akina nani, na ni nani aliyeanza kuwagawa katika nusu na robo.

Tuanze na majina, maana sehemu kubwa ya mkanganyiko imo humo. Waroma ni watu wanaojiita hivyo kutokana na neno la lugha yao, Kiromani, ambamo rom ni mwanamume au mume, na romni ni mke. Jina hilo halina uhusiano na Romania, wala na mji wa Roma, wala na Warumi wa kale. Ni sauti tu zilizofanana. Baraza la Ulaya hukadiria kwamba barani humo wanaishi Waroma kati ya milioni 10 na 12, nao si kundi moja lenye desturi moja. Wapo Wasinti wa Ujerumani, ambao wengi wao hupenda waitwe kwa jina hilo hilo na si Waroma. Wapo Wakalderash, ambao jina lao linatokana na kazi ya kutengeneza vyungu vya shaba. Wapo Wakale wa Uhispania. Wapo Waromanichal wa Uingereza. Kati yao kuna Wakatoliki, Waorthodoksi, Wapentekoste na Waislamu. Neno "jipsi" tulilolipokea kutoka Kiingereza lilizaliwa na kosa, kwa kuwa Wazungu wa zamani walidhani watu hawa walitoka Misri. Huko Uingereza wapo wanaolibeba jina hilo kwa fahari, lakini katika nchi nyingine za Ulaya majina waliyopachikwa na wengine yana historia ya damu, kwa hiyo ni heri kutumia jina lao wenyewe. Mtu asiye Mroma huitwa gadjo, na wakiwa wengi ni gadje. Mtoto wa asili mchanganyiko ninayemzungumzia hapa ni yule mwenye mzazi Mroma na mzazi gadjo, au mwenye bibi au babu Mroma ambaye habari zake bado zinaishi ndani ya familia.

Walitoka wapi? Waroma hawakuacha vitabu vya safari yao, lakini ushahidi mkubwa umo vinywani mwao. Mkazi wa Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam aliyekulia jirani na familia za Kigujarati atayatambua baadhi ya maneno ya Kiromani bila kufundishwa na mtu: maji ni pani, pua ni nak, sikio ni kan, na cheusi ni kalo. Wazee wao waliondoka kaskazini mwa India zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, wakapitia Uajemi, Armenia na dola ya Wagiriki wa Bizanti, kisha wakaingia Balkani na kuenea Ulaya nzima, na kila walipokaa walibeba maneno ya wenyeji. Farasi ni grast, neno la Kiarmenia. Njia ni drom, neno la Kigiriki. Bahati ni baxt, neno la Kiajemi, na hili lina ndugu yake kwetu, kwa sababu neno letu "bahati" nalo lilianzia Uajemi, likapita kwa Waarabu, ndipo likafika pwani.

Namba zinaeleza vizuri zaidi. Mroma anapohesabu moja hadi sita husema jekh, duj, trin, štar, panj, šov, na zote hizo ni za asili ya India. Akifika saba, nane na tisa husema efta, oxto, enja, ambazo ni za Wagiriki, halafu kwenye kumi hurudi India na kusema deš. Sisi nasi tunahesabu moja hadi tano kwa Kibantu, tunaazima sita na saba kwa Waarabu, tunarudi kwenye nane yetu, tunaazima tisa, kisha tunafunga na kumi ya kwetu. Wapo waliowahi kudai kwamba kwa sababu hiyo Kiswahili ni lugha chotara isiyo na mwenyewe, na wanaisimu walikwisha kulijibu dai hilo kwa kuonyesha kwamba lugha hutambulikana kwa sarufi yake na kwa watu wanaoirithishana, wala haigeuki kuwa nusu lugha kwa kuazima maneno. Ninaomba msomaji aushike mfano huu, kwa sababu kosa linalofanywa kuhusu lugha ndilo linalofanywa kuhusu watu.

Watu nao walichanganyika njiani. Utafiti mkubwa wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2012 ulithibitisha kile ambacho lugha ilikuwa imekwisha kusema, kwamba asili ya Waroma ni kaskazini-magharibi mwa India, na ukaonyesha pia kwamba baada ya kufika Ulaya waliendelea kuoana na wenyeji kwa karne nyingi. Hii ina maana kwamba Mroma ambaye wazazi wake wote wawili ni Waroma naye ana mababu wa Kizungu, na kwamba "Mroma safi" wa kulinganishwa na mtoto wa mchanganyiko hayupo. Ndiyo maana vile vipimo vya mate vinavyouzwa mtandaoni havimalizi ubishi. Kipimo kinaweza kuonyesha kwamba baadhi ya mababu zako walitoka Asia ya Kusini, lakini hakiwezi kusema ulilelewa na nani, wala ni nani waliokuita mtoto wao.

Imani kwamba Mroma hutambulika kwa sura imewaumiza watoto wetu hawa katika miaka ya karibuni kabisa. Oktoba 2013, polisi wa Ugiriki walimkuta msichana mweupe mwenye nywele za dhahabu katika makazi ya Waroma, na magazeti ya dunia yakamwita mtoto aliyeibwa. Vipimo vilionyesha kwamba wanandoa waliokuwa wakimlea hawakuwa wazazi wake wa kumzaa, lakini vilionyesha pia kwamba waliomzaa walikuwa Waroma wa Bulgaria. Malaika huyo mweupe wa magazetini alikuwa Mroma kwa baba na kwa mama. Siku chache baadaye, nchini Ireland, watoto wawili wa Kiroma wenye nywele za rangi hiyo walichukuliwa kutoka kwa wazazi wao halali kwa sababu tu watu waliona hawafanani nao, wakarudishwa baada ya uchunguzi. Ile hadithi ya kale kwamba Waroma huiba watoto ilitosha kuwafanya maofisa watu wazima wamtoe mtoto mikononi mwa mama yake.

Sasa tufike kwenye hesabu ya nusu na robo. Katika Wallachia na Moldavia, maeneo ambayo leo kwa sehemu kubwa ni Romania, Waroma walikuwa watumwa kwa takriban miaka 500, hadi utumwa huo ulipofutwa mwaka 1855 na 1856. Kiswahili kina neno chotara, ambalo wengine hulitumia bila ubaya na wengine huliona tusi, na kina neno zito zaidi, suriama, lililozaliwa na neno suria. Kwa sheria iliyofuatwa pwani yetu, mtoto wa suria akikubaliwa na baba yake alihesabiwa mwungwana. Kule Wallachia haikuwa hivyo: mtoto ambaye bwana alimzaa na mtumwa wake wa Kiroma alibaki mtumwa, hata kama sura yake ilikuwa ya baba mtupu.

Utawala wa Habsburg, ukoo uliotawala Austria na Hungary, ulikuja na njia nyingine. Katika nusu ya pili ya karne ya 18, malkia Maria Theresa, na baada yake mwanawe Joseph wa Pili, walitaka kuwafuta Waroma kwa kuwayeyusha ndani ya watu wengine. Waliamuru waitwe "Wahungaria wapya", wakawazuia kuoana wao kwa wao, na wakaagiza watoto wao wachukuliwe na kulelewa na wakulima wasio Waroma. Hapo serikali ilikuwa inalazimisha mchanganyiko. Haikupita miaka 200, serikali ya Kinazi ya Ujerumani ikawahukumu watu kwa mchanganyiko huo huo. Daktari Robert Ritter na wasaidizi wake walizunguka wakipima vichwa, wakirekodi rangi za macho na kuandika miti ya ukoo, kisha wakamwandikia kila mtu kadi yenye alama iliyoonyesha kama ni "safi" au amechanganyika kwa kiasi gani. Ritter alidai kwamba zaidi ya asilimia 90 walikuwa wamechanganyika, na kwamba hao ndio hatari zaidi. Kadi hizo ziliamua nani apelekwe kambini. Katika usiku mmoja tu, wa tarehe 2 Agosti 1944, zaidi ya watu 4,000 waliuawa kwa gesi katika kambi ya Auschwitz-Birkenau, wengi wao wakiwa wanawake, watoto na wazee. Idadi ya Waroma na Wasinti wote waliouawa inakadiriwa kuwa kati ya 200,000 na 500,000. Wasomaji wa Rwanda, waliowahi kubeba kitambulisho kilichotaja kabila, hawahitaji kuelezwa na mimi kadi inaweza kufanya nini.

Mtu mmoja anatosha kutuonyesha jinsi hesabu hiyo ilivyoingia hadi chumbani. Johann Trollmann, bondia Msinti, alishinda ubingwa wa Ujerumani mjini Berlin mwezi Juni 1933, na baada ya siku chache akanyang'anywa. Katika pambano lililofuata alionywa asichezeshe miguu kama ilivyokuwa kawaida yake. Alipanda ulingoni akiwa amezipaka nywele zake nyeusi rangi ya dhahabu na kujipaka unga mweupe mwili mzima, akasimama palepale akipokea makonde hadi akaanguka. Alikuwa na mke Mjerumani asiye Msinti na binti mdogo, na mwaka 1938 aliachana na mkewe ili yeye na mtoto wasalimike. Aliuawa kambini mwaka 1944. Ubingwa wake ulirudishwa mwaka 2003, miaka 70 baadaye. Anayeuliza kwa nini mtoto wa namna hiyo hachagui upande mmoja yakaisha, akumbuke kwamba kuna watoto ambao baba zao ndio waliolazimika kuwachagulia, kwa kuondoka.

Mfano ulio wazi zaidi wa malezi ya namna hii ninaufahamu kutoka Sweden. Katarina Taikon alizaliwa mwaka 1932 karibu na mji wa Örebro, baba yake akiwa Mroma wa Kikalderash mpiga fidla, na mama yake akiwa Mswidi. Mama alifariki Katarina akiwa bado mchanga. Kwa hesabu ya damu alikuwa nusu Mswidi, lakini hesabu hiyo haikumpa hata nusu ya haki za Mswidi. Familia yake iliishi kwenye mahema, na manispaa nyingi ziliwaruhusu kukaa kwa wiki chache tu kabla ya kuwafukuza. Hapa ndipo ilipo ile dhana kwamba Waroma wana uzururaji katika damu. Wapo kweli waliohamahama kwa ajili ya biashara na ufundi, lakini wengi walihama kwa sababu walifukuzwa, na Waroma walio wengi Ulaya leo wanaishi mahali pamoja tangu enzi za babu zao. Kwa kuwa hakukaa mahali, Katarina hakupata shule. Alijifunza kusoma na kuandika sawasawa akiwa na umri wa miaka 26. Mwaka 1963 alichapisha kitabu chake cha kwanza kuhusu maisha ya Waroma nchini humo, kisha akaandika mfululizo wa hadithi 13 za watoto kuhusu msichana anayefanana naye, na watoto wa Sweden wakazisoma kwa wingi. Alipigania Waroma wapewe nyumba na madarasa. Alifariki mwaka 1995.

Ninachokiona katika maisha yake ni kwamba watu wa nje walimwona Mroma mzima alipohitaji mahali pa kulala. Baada ya kufanikiwa, mtu wa namna hii huanza kuambiwa kwamba yeye si kama wale wengine, kwamba ana elimu, kwamba bila shaka ni damu ya mama. Dhana kwamba Mroma akisoma au akipata kazi ya ofisini anakoma kuwa Mroma ni ya kikatili, kwa sababu inawaachia Waroma umaskini peke yake kuwa ndio utamaduni wao. Imepewa hata sura ya kitaalamu: mwaka 2007 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kwamba Jamhuri ya Czech iliwabagua watoto 18 wa Kiroma wa mji wa Ostrava, waliokuwa wamepelekwa katika shule za wenye ulemavu wa akili. Mjini humo, mtoto wa Kiroma alikuwa na uwezekano wa zaidi ya mara 27 wa kupelekwa shule hizo kuliko mtoto asiye Mroma.

Na ndani ya nyumba je? Hapa ni lazima niseme kwamba hakuna kanuni moja. Katika familia za Kikalderash zinazoshika desturi, usafi una mipaka yake mahususi, na neno mahrime hutaja kile ambacho sisi tungekiita najisi. Beseni la kuoshea vyombo halifui nguo. Nguo za kuanzia kiunoni kwenda chini hazichanganywi na za juu. Za wanawake zina maji yao. Mfikirie mtoto anayeshinda kwa bibi yake Mroma siku za Jumamosi na kwa bibi yake gadji, yaani gadjo wa kike, siku za Jumapili. Kwa huyu wa kwanza akitia soksi katika beseni la vyombo, nyumba nzima hushtuka na beseni hutupwa. Kwa huyu wa pili mashine moja hufua kila kitu pamoja, na mtoto husimama kando ya ile mashine asijue kama aseme au anyamaze. Kufikia umri wa miaka sita au saba amekwisha kujua kanuni za nyumba zote mbili na huvuka kutoka moja kwenda nyingine bila kukosea. Mimi siwezi kumwita huyo nusu ya kitu chochote. Amejifunza mara mbili ya wenzake.

Kukubaliwa nako hutofautiana. Ziko familia ambazo mtoto aliyelelewa nyumbani, anayeijua lugha na adabu za wakubwa, ni Mroma na hakuna anayeuliza mama yake alitoka wapi. Ziko zinazomtenga kijana aliyeoa nje. Huko Uingereza mtu wa mchanganyiko huitwa poshrat, yaani nusu damu, neno ambalo hubeba upendo au dharau kutegemea ulimi unaolitamka. Wala lugha si kipimo cha mwisho, kwa sababu Waroma wengi wa Hungary huzungumza Kihungaria tu nyumbani, na hakuna jirani anayewahesabu kuwa si Waroma kwa sababu hiyo.

Kundi linalonisikitisha zaidi ni la wale ambao hawakuambiwa. Baada ya vita, wazazi wengi waliwafundisha watoto wao kujibu shuleni kwamba wao ni Waitalia, au Wahungaria, au wana asili ya Uhispania, ili weusi wa nywele zao upate maelezo salama. Wajukuu wa wazazi hao hugundua ukubwani, pengine kwenye mazishi, wanapowasikia wazee waliokuja kutoka mbali wakimlilia bibi yao kwa lugha ambayo hawakuwahi kumsikia akiizungumza. Watu wa nje huwaambia wamechelewa mno kujiita Waroma. Mimi naona hawakuchelewa wao, kwa sababu kilichofichwa kilifichwa kwa hofu ya kweli. Mwaka 2013 gazeti la Dagens Nyheter lilifichua kwamba polisi wa Skåne, kusini mwa Sweden, walikuwa na orodha ya zaidi ya watu 4,000 iliyopangwa kama mti wa ukoo wa Waroma, ikiwa na majina ya watoto wadogo na hata ya wasio Waroma waliooa au kuolewa katika familia hizo.

Kwa hiyo mtu anapoletewa fomu inayomuuliza yeye ni kabila gani, kalamu husita. Kwa miaka mingi sensa za Ulaya ya Kati zilitaka jibu moja tu, na mtoto wa Mroma na Mslovakia aliandikwa Mslovakia, kwa sababu jibu hilo lilikuwa la kweli na halikuwa na hatari. Hungary ilianza mapema kuruhusu majibu zaidi ya moja. Slovakia iliongeza swali la pili katika sensa ya mwaka 2021: baada ya kutaja utaifa wako, uliulizwa kama unao pia mwingine. Kwenye swali la kwanza watu 67,179 walijibu kwamba wao ni Waroma. Kwenye swali la pili wakajitokeza wengine 88,985, ambao tayari walikuwa wamejitaja juu yake kuwa ni Waslovakia au Wahungaria, na hawakufuta.